Kabati la Kijani la Mzee Wako

Watu wa Isiolo walizoea jiko la nyama choma lililotokana na pipa. Pipa lilipasuliwa kwa tindo, likapigiliwa miguu minne ya nondo, likajazwa makaa; na siku likitoboka, lilitupwa nyuma ya ukuta na jingine likapasuliwa. Hakuna aliyelionea huruma pipa. Ndiyo maana mwaka wa sabini na tano, mzee mmoja jina lake Wako aliporudi kutoka mnada wa kambi ya barabara na jiko lenye kabati chini yake, wenye maduka waliacha mizani zao wakaja kuangalia.

Wageni waliokuwa wakijenga barabara ya kwenda kaskazini walikuwa wamemaliza kipande chao na kuuza kila walichokuwa nacho kambini: vitanda, mahema, vyungu, hata milango. Mzee Wako, mchinjaji wa Kiborana mwenye bucha mtaa wa Wabera, alikuwa ameenda kutafuta meza ya kukatia nyama. Akarudi na hilo jiko. Juu lilikuwa na sanduku la chuma nene la kutilia makaa, na nyavu mbili za kuwekea nyama. Katikati palikuwa na trei ya kukinga mafuta yanayodondoka. Na chini, kabati: milango miwili ya bati laini, rangi ya kijani kama majani ya mti wa mswaki yaliyooshwa na mvua, bawaba zimefichwa kwa ndani, rafu mbili za kuwekea visu, ndoano, mbao na sahani. Ukifungua mlango haukulia. Watu waliufungua na kuufunga, wakaufungua tena, ili tu wausikie ukinyamaza.

Mchomaji wa Mzee Wako alikuwa Lobokat, Mturkana wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, macho mekundu kwa moshi. Hakuna aliyejua kwamba moyoni aliliona kabati lile kama kitu pekee kizuri alichowahi kusimama karibu nacho kila siku.

Alikuwa amekuja na mama yake kutoka kaskazini akiwa kijana, kwa miguu, baada ya mifugo yao kuisha. Walikaa kwanza Ngaremara, mama akichoma makaa na yeye akiyabeba hadi mjini. Baadaye alipasua kuni kwa tajiri mmoja, akageuza nyama kwa wa pili, na mwishowe akafika kwa Mzee Wako. Ukizihesabu siku za maisha yake, nyingi alizitumia akiwa ameuinamia moto wa mtu mwingine. Uchovu wake haukuwa ule unaoisha kwa kulala. Ulikuwa umekaa magotini na nyuma ya shingo, akaamka nao na kushinda nao, na mkewe Akaale alikuwa ameacha kumuuliza kama amepumzika.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kuaminiwa, na katika kazi ile uaminifu haukuwa jambo dogo. Mzee Wako alichinja mwenyewe, kwa jina la Mungu, na wateja wake Waislamu walikula wakiwa na amani. Lobokat alikuwa Mkristo, wa Kanisa Katoliki, lakini kwa miaka yote hakuna kisu kilichogusa nyama ya mahali pengine kikaingia katika kabati lile. Watu walilijua hilo. Mzee mmoja wa msikitini aliwahi kusema mbele ya wengine kwamba nyama iliyogeuzwa na Lobokat anaila bila kuuliza. Lobokat alijifanya hakusikia, lakini maneno hayo alikwenda nayo nyumbani mtaa wa Kiwanjani akamwambia Akaale mara mbili.

Mwaka wa sabini na saba, mwezi wa Oktoba, Mzee Wako alijiandaa kwenda Hija. Alikuwa amengoja safari hiyo nusu ya maisha yake. Asubuhi ya siku ya kuondoka alikuja kwenye jiko amevaa kanzu mpya, akasimama upande usiokuwa na moshi.

"Lobokat."

"Mzee."

"Mimi nikirudi, kama Mungu amependa, kazi ya moto sitaki tena. Macho imekataa. Nitakaa na bucha peke yake. Hii jiko nitakupa wewe."

Lobokat alikuwa ameshika mbavu za mbuzi kwa koleo. Alizirudisha kwenye wavu polepole, kama mtu anayeogopa kwamba kelele kidogo itayarudisha maneno yale mdomoni mwa msemaji.

"Mimi, Mzee?"

"Kwani nani amesimama hapa miaka yote hii? Jirani?" Mzee Wako akaweka kiganja juu ya mlango wa kabati, akausugua kidogo kama mtu anayepapasa shingo ya farasi. "Lakini nikute kabati vile iko. Umesikia? Vile iko. Hakuna mkwaruzo, hakuna kutu. Jiko yenyewe ni chuma nene, haiwezi kufa. Hii kabati ni bati. Ikioza, utabaki na pipa kama watu wengine. Nakuachia amana."

"Nimesikia, Mzee."

Amana lilikuwa neno la msikitini, lakini Lobokat alielewa uzito wake. Jioni hiyo alimweleza Akaale kwamba wakingoja miezi miwili, labda na nusu, atakuwa na moto wake. Akaale alikuwa akichambua maharage. Alitupa kokoto moja, akasema, "Basi uitunze, Baba Nanok. Usije ukalala."

Akaitunza. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, maana hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kutunza bati lililopakwa rangi. Alijua namna mbili tu za kutunza chombo, na zote mbili alizipata kwa mama yake.

Sufuria unaisugua kwa jivu mpaka uone uso wako. Chombo cha mti, kile cha maziwa, unakipaka mafuta. Mama yake alikuwa na vyombo vitatu vya mti alivyovibeba mgongoni kutoka kaskazini, na hata walipokosa mafuta ya kula hakukosa ya kuvipaka. Alikaa mlangoni jua likishuka, akachovya vidole, akakizungusha chombo magotini huku akiimba kwa pua. Vilikuwa vyeusi na laini, na havikupasuka hata siku moja. Alipokufa, binti zake waligawana vile vyombo, naye Lobokat akabaki na picha ile tu: mikono inayong'aa mafuta, na kitu kinachodumu.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alichunga jivu laini, akalowesha nyuzi za katani, akaisugua milango ya kabati hadi masizi yote yakatoka. Na kila jioni alitoa trei ya chini ya nyama, ambamo mafuta ya mbuzi na kondoo yalikuwa yameganda kidogo, akayamimina katika kopo kuukuu la mafuta ya Kimbo, akachovya kitambaa na kupaka. Alipaka nje, akapaka ndani, akaingiza kidole kwenye pembe na kwenye bawaba. Kabati lilimeremeta. Wasafiri wa malori walioshuka kula walijiona humo kama kwenye kioo.

Mmoja wao alikuwa Lokwang, taniboi, msaidizi wa dereva kwenye lori la ng'ombe, kijana wa Kiturkana mwenye mdomo usiofungwa. Siku moja alichukua chupa yake ya soda, akauweka mfuniko wake kwenye ukingo wa mlango wa kabati, akapiga kwa kiganja. Mfuniko ukaruka. Kwenye rangi ukabaki mstari mweupe, urefu wa kidole.

Lobokat aliruka kama aliyeungua. "Wewe! Huna meno?"

"Meno ninayo ya nyama, si ya chuma."

"Ondoka hapo! Ondoka kabisa, usisimame karibu na hii kitu!"

"Kwani ni kabati ama ni bibi yako?" Lokwang akauliza, na meza nzima ikaangua kicheko.

Dereva wake, aliyekuwa akifyonza mfupa, alidakia bila kuinua macho. "Bibi yake angepakwa mafuta hivyo kila jioni, saa hii hangekuwa anapigwa na jua sokoni."

Walicheka mpaka mbuzi aliyefungwa nyuma ya bucha akajibu. Lobokat hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mstari ule mweupe na kuupaka mafuta, mara moja, mara mbili, kama mtu anayetibu kidonda. Tangu siku hiyo aliweka mawe manne mbele ya jiko, mtu asisogee. Ukitaka nyama, unasimama nyuma ya mawe.

Novemba mvua ikanyesha, na mwaka ule ilinyesha kama iliyokosea njia. Isiolo ni mji wa vumbi. Watu wake wanajua kukaa na jua, mvua inawashangaza. Barabara ikawa tope jekundu, malori yakakwama siku mbili tatu, wateja wakapungua. Chini ya kibanda cha mabati hewa ilikuwa nzito na ya baridi, na asubuhi Lobokat alikuta kabati limefanya jasho, matone madogo yamejipanga juu ya mafuta ya jana. Aliyafuta kwa mkono, akaongeza mafuta.

Katikati ya Desemba aliona vipele. Vilikuwa chini ya mlango wa kushoto, karibu na ule mstari wa Lokwang, vidogo kama vya joto vinavyomtoka mtoto shingoni. Aliviangalia siku tatu. Aliwaza kwamba kabati limekaukiwa. Baridi imelikausha, kama inavyokausha ngozi ya mtu. Basi badala ya kupaka jioni tu, akapaka jioni na adhuhuri. Mafuta yalikuwepo ya kutosha. Vipele vikaongezeka. Vikatambaa hadi kwenye bawaba, vikaingia ndani, vikaenea kwenye rafu ya chini ambapo aliweka kopo la chumvi.

Siku moja alikibonyeza kipele kimoja kwa ukucha wa kidole gumba. Rangi ikabanduka, kipande kama ganda la yai. Chini yake hapakuwa na bati. Palikuwa na unga, wa rangi ya hudhurungi, uliolowa.

Alikaa chini pale pale kwenye jivu. Alibaki ameketi mpaka nyama ikaungua, na mteja akaita, akaita tena, kisha akaenda zake.

Siku ya pili Kabale alikuja bucha na habari. Kabale, aliyeitwa pia Mama Molu, alikuwa mke wa Mzee Wako, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali na mkono mpana. Tangu mumewe aondoke yeye ndiye aliyesimamia mizani, na hakuna mteja aliyethubutu kumwambia mfupa umezidi.

"Lobokat, mzee amefika Nairobi," alisema. "Kumbe alikuwa anaugua huko kwa Waarabu, ndiyo sababu amekawia. Ijumaa atakuwa hapa. Mbona umekaa kama mtu amefiwa?"

Ilikuwa Jumapili. Lobokat alifungua mlango wa kabati, akamwonyesha.

Kabale aliinama, akaangalia, akaguna. "Uuui. Hii ni nini? Ulilala ndani?"

"Nilipaka mafuta, Mama. Kila siku nilipaka. Wewe umeniona."

"Nilikuona. Hata nilisema huyu mtu anapenda kabati kuliko watoto." Akanyoosha mgongo kwa taabu. "Mimi vibuyu yangu nafukiza moshi, hiyo najua. Kitu ya bati sijui. Tafuta yule Mmeru wa gereji, yule alikuwa kambi ya barabara. Yeye alikaa na hii kitu kabla yetu."

Mmeru huyo aliitwa Zachary. Alikuwa mpishi wa kambi siku za ujenzi, na kambi ilipofungwa akapata kazi ya kutunza stoo kwenye gereji moja kando ya barabara kuu. Alikuja saa ya chakula, mikono nyuma, hatua za polepole za mtu anayejua kwamba ameitwa kwa sababu ya ujuzi wake. Alilizunguka jiko. Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Hii jiko nilipikia watu arobaini," alisema. "Ilikaa nje, mvua, jua, kila kitu. Haikuota kutu hata kidogo. Umeifanya nini, rafiki yangu?"

Lobokat akamweleza: jivu la asubuhi, mafuta ya jioni. Alieleza polepole, kila hatua, akiwa bado anatumaini kwamba kosa litaonekana mahali pengine, kwenye mvua, kwenye soda ya Lokwang.

"Leta hiyo mafuta."

Akampa kopo. Zachary alichovya ncha ya kidole, akailamba. Akatema kando. Kisha akalamba tena, kama mtu anayetaka kuwa na hakika kabla ya kutoa habari mbaya.

"Onja."

"Mimi naijua. Ni mafuta ya nyama."

"Onja, nimekuambia."

Lobokat akaonja. Na papo hapo, kabla Zachary hajafungua mdomo, akajua. Kila siku ya kazi yake aliikoroga chumvi ya mawe kwenye maji, akachovya kitawi, akarashia nyama ikiwa motoni. Miaka yote hiyo. Maji yale ya chumvi yalishuka na mafuta hadi kwenye trei, na kutoka kwenye trei hadi kwenye kitambaa chake.

"Chumvi," Zachary akasema. "Ulikuwa unaipaka chumvi. Jivu asubuhi inakwaruza rangi, mikwaruzo midogo huwezi kuona kwa macho, halafu jioni unaingiza chumvi ndani ya hiyo mikwaruzo. Hata gari ya jeshi haiwezi kuvumilia."

"Mama yangu alipaka vyombo vyake."

"Ya mti?"

"Ya mti."

"Na mafuta ilikuwa na chumvi?"

Lobokat alilitazama kopo. Mama yake hakuwa na chumvi. Kaskazini kule, miaka ile, chumvi waliikuta mahali ambapo wanyama walilamba ardhi.

Zachary alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimchosha Lobokat zaidi kuliko matusi. Alimweleza yote aliyopaswa kujua miezi mitatu nyuma. Kabati la rangi linaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kwa kitambaa laini, si katani, si jivu. Linakaushwa saa hiyo hiyo, hasa kwenye pembe na chini ya bawaba, maana maji yanajificha huko. Bawaba zinatiwa tone la mafuta ya cherehani, basi. Mkwaruzo ukitokea unafunikwa kwa rangi siku hiyo hiyo, kabla bati halijaona hewa. Kopo la chumvi lisiwekwe humo kamwe. Linafyonza unyevu na kuutapika usiku. Kambini, alisema, walikuwa na turubai la kulifunika, na walilitundika mbali kidogo na bati ili lipumue.

"Sasa je?" Lobokat akauliza. "Sasa hii?"

"Sasa unakwangua mpaka ufike kwa chuma nzima. Unasugua na msasa, unaosha chumvi yote, unakausha na jua, unapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu kijani juu. Rangi nitakuletea, tuna masalio ya lori moja. Si kijani hii hii, lakini ni kijani."

Alifanya kazi siku nne. Bila moto, bila nyama. Kabale aliwaambia wateja kwamba jiko linasafishwa kwa ajili ya kumpokea mzee, na huo haukuwa uongo. Lobokat alikwangua. Unga wa kutu ulimjaa puani na kumkaukia kwenye midomo, akawa anaonja chuma hata kwenye ugali. Mahali pengine bati lilikuwa zima chini ya uchafu, na moyo wake ukainuka. Mahali pengine kikwangulio kilipita moja kwa moja hadi upande wa pili, na mwanga ukaingia ndani ya kabati kupitia tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Matundu matatu ya namna hiyo. Zachary aliyaziba kwa lami ya gereji. Jua la Isiolo, lililorudi kama halikuwa limeondoka, liliikausha rangi nyekundu kwa nusu siku na ile ya kijani kwa siku moja.

Alhamisi alasiri kabati lilisimama likiwa kijani tena. Ukiliangalia kwa mbali ungesema ni lile lile. Ukisogea, rangi ilikuwa imekolea zaidi, na chini ya mlango wa kushoto ilikuwa na mabonde madogo kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Kabale alikuja, akaliangalia akiwa amekunja mikono. "Imekuwa nzuri."

"Nitamwambia," Lobokat akasema.

"Utamwambia nini? Sikiliza. Mzee haoni. Alipoondoka hapa alikuwa anamsalimia nguzo. Huko ameugua, amerudi amechoka, watu watajaa nyumbani. Wewe unataka umpokee na kutu? Nyamaza. Chukua jiko yako."

Akaale, nyumbani, alipoelezwa, alimalizia kwanza kuosha sufuria. Kisha akasema tu, "Umekuwa ukitaka hii tangu tuoane." Hakumwambia aseme wala asiseme.

Ijumaa Mzee Wako alifika, na baada ya sala ya alasiri alikuja kwenye jiko na watu kama kumi nyuma yake. Alikuwa amepungua. Kanzu ilimning'inia. Watu walimwita Haji sasa, na kila alipoitwa alisita kidogo, kana kwamba anaitwa mtu mwingine. "Salaam aleikum," alikuwa akisema kwa kila aliyempa mkono, "salaam aleikum," sauti nyembamba lakini yenye furaha.

"Lobokat yuko?"

"Niko hapa, Mzee. Karibu. Pole na ugonjwa."

"Ugonjwa imekwisha. Mungu mkubwa." Alinyoosha mkono mbele yake, akautafuta mlango wa kabati, akaupata. Kiganja kikapita juu ya bati. Lobokat alikitazama kikishuka. Kilipita katikati, penye laini, kikafika karibu na mabonde, na hapo Mzee Wako akakiinua, akageuka kwa watu.

"Mnaona hii? Miezi mitatu mimi siko. Mbele ya nyinyi wote nasema, hii jiko na kabati yake ni ya huyu mtu. Nimempa. Alishika amana."

Watu wakasema mashallah. Mmoja akampiga Lobokat begani. Yule mzee wa msikitini, aliyekuwa akila nyama yake bila kuuliza, alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Lobokat alifungua mdomo. Akaona nyuso zote zile zimemgeukia, zinang'aa kwa heshima ya Haji, na Kabale nyuma yao akimtazama bila kupepesa. Akaufunga.

"Asante, Mzee," akasema.

Ilikuwa ndiyo siku aliyoingoja. Alitembea kurudi Kiwanjani akiwa sasa mtu mwenye jiko lake, na hakuhisi kitu isipokuwa miguu. Akaale alikuwa amepika chapati. Alikula moja na nusu.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Wako, akamkuta ameketi uani kwenye kigoda, anapigwa na jua, tasbihi mkononi. Lobokat hakuketi. Akamwambia yote: jivu, mafuta, chumvi, matundu matatu, lami, rangi ya lori. Alisema haraka, kama mtu anayeshusha mzigo kabla mikono haijaishiwa nguvu.

Mzee Wako alisikiliza hadi mwisho. Vidole vyake vilisimama kwenye tasbihi.

"Ulikuwa hujui," alisema.

"Nilikuwa sijui, Mzee. Haki ya Mungu."

"Bati ni bati. Mimi pia singejua. Ningepaka hiyo hiyo." Kuku alipita kati yao, akachungulia, akaendelea. "Lakini jana ulikuwa unajua."

"Jana nilikuwa najua."

"Mimi nimesimama mbele ya watu, nimetoka Makka wiki moja tu, nimesema amana imeshikwa. Ungenivuta kanzu. Ungesema, Mzee ngoja. Ningengoja."

Lobokat aliangalia chini.

"Jiko ni yako," Mzee Wako akasema baadaye. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka kurudi ndani alale. "Neno imetoka, mimi sirudishi. Lakini utaihamisha. Tafuta mahali yako. Nyama njoo ununue kwa mizani kama watu wengine, Mama Molu atakupimia. Hapa mbele ya bucha nitaweka mtu na pipa."

"Sawa, Mzee."

"Haya. Mungu akusaidie."

Walilihamisha siku ile ile, Lobokat na Zachary na Lokwang, ambaye lori lake lilikuwa limelala mjini. Lilikuwa zito kuliko walivyodhani. Lokwang alianza mzaha, kwamba leo bibi anahamia kwa mume wake, lakini alipomwangalia Lobokat usoni akauacha katikati, akasukuma. Walipita mbele ya maduka ya Wabera na watu walisimama milangoni kama miaka miwili iliyopita, wengine wakipiga makofi, kwa kuwa hawakuambiwa kitu. Mzee Wako hakumwambia mtu. Wala hakuja tena kula kwa Lobokat, ingawa walisalimiana barabarani kila walipokutana, vizuri, kwa kuulizana habari za watoto.

Waliliweka kando ya barabara inayoelekea Ngaremara, chini ya paa la makuti na mabati manne. Zachary aliangalia kama limekaa sawa, akatia jiwe chini ya mguu mmoja, akaondoka. Lokwang akaomba nyama ya kesho, bure, akaondoka pia.

Lobokat alichemsha maji kidogo kwenye sufuria, akatia sabuni. Aliosha kabati kwa kipande cha khanga kuukuu ya Akaale, taratibu, mlango mmoja kisha wa pili, akakausha pembe, akainama na kukausha chini ya bawaba mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Alipomaliza hakuwa na mteja. Vumbi la lori lililopita lilikuwa linatua tena juu ya rangi aliyokwisha kuisafisha. Aliliangalia likitua. Kisha akachukua kitambaa akaanza upya, maana hakuna mwingine ambaye angefanya.